Namna ya kuitambua zawadi ya uongo na dodoso la kitapeli unaponunua mtandaoni

Kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, na watu wanapohangaikia nguo za Idi na vyombo vya nyumba, huzuka katika makundi ya WhatsApp ya Unguja na Pemba ujumbe unaosema kwamba duka fulani kubwa la mtandaoni linaadhimisha miaka kadhaa tangu lianzishwe, na kwamba kila atakayejibu maswali manne atapewa simu mpya, mashine ya kufulia au gigabaiti 50 za bando. Ujumbe huo hurudi tena msimu wa karafuu, pale fedha inapokuwa mikononi mwa watu wa Pemba, na hurudi mwisho wa mwaka pamoja na matangazo ya punguzo la bei. Jina la duka na picha ya zawadi hubadilika, lakini njia inayopitiwa ni ile ile.

Mimi ni wakala wa fedha za simu hapa Chake Chake. Meza yangu ndiyo kituo cha mwisho kabla fedha ya mtu haijamtoka, na kwa sababu hiyo nimewaona wengi wakifika wakiwa wameshaamini, simu mkononi, wakiniomba niwatumie "ada" ya shilingi elfu kumi na tano au elfu ishirini ili wapelekewe zawadi yao. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao, na pia kwa ajili ya yule mtu wa nyumbani ambaye kila mara huulizwa, "Hebu nitazamie hii, ni kweli?" naye hana hakika aanzie wapi kutazama.

Kabla ya hatua zenyewe, naomba uliweke akilini jambo moja, kwani hatua zote zimejengwa juu yake. Zawadi hutoka kwa mtoaji ikaenda kwa mpokeaji. Katika utapeli huu mwendo ni wa kinyume: kila ukurasa unaofunguka, kuna kitu kinatoka kwako. Kwanza zinatoka dakika zako, kisha watu wako, kisha namba yako ya simu, kisha namba za kadi au namba ya siri, na mwisho inatoka fedha. Kwa hivyo usishughulike na uzuri wa picha wala ukubwa wa jina la kampuni. Hesabu kilichokwisha kukutoka mpaka hapo ulipofika.

Hatua ya kwanza: usome ujumbe kabla hujagusa kiungo

Anza juu kabisa ya ujumbe. WhatsApp huuwekea alama ya mishale miwili ujumbe uliokwisha kupita mikononi mwa watu watano au zaidi, pamoja na maneno madogo ya kueleza kwamba umesambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo haupelekwi ila kwenye soga moja kwa wakati mmoja. Sasa ilinganishe alama hiyo na maneno ya ndani. Maneno yanakwambia kwamba wewe umechaguliwa, tena kwa bahati, miongoni mwa wateja wachache. Mishale inakwambia kwamba maneno hayo hayo wameshaambiwa watu wasiohesabika. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili, na mishale haina sababu ya kukudanganya.

Kisha fanya hesabu ya miaka, maana wezi hawa wanapenda sherehe za kutimiza miaka. Mwaka 2021 ulienea katika nchi nyingi ujumbe uliosema kwamba Amazon inaadhimisha miaka 30 na inagawa simu. Amazon ilianzishwa mwaka 1994, kwa hivyo mwaka huo ilikuwa inatimiza miaka 27. Hesabu hiyo haihitaji utaalamu wowote, inahitaji dakika moja ya kutafuta mwaka wa kuanzishwa kampuni. Vile vile uliza kama duka linalotajwa linafanya kazi nchini. Jumia, kwa mfano, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi wa Novemba 2019, kwa hivyo anayekuletea leo "zawadi ya wateja wa Jumia Tanzania" anakupa zawadi kutoka kwenye duka lisilokuwepo.

Lugha nayo husema. Mtu wa dukani hakwambii "umechaguliwa kuchukua uchunguzi wetu", wala hakuiti "mnunuzi mpendwa wa thamani". Hicho ni Kiswahili kilichopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri. Hata hivyo usilitegemee hili peke yake, kwa sababu mashine zinazidi kuwa stadi, na wapo matapeli wanaozungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Lugha mbovu ni sababu ya kuukataa ujumbe, lakini lugha nzuri haiwi sababu ya kuukubali.

Hatua ya pili: soma anwani ya tovuti kama unavyosoma jina la mtu

Kiungo ndicho kitambulisho cha tovuti, na kukisoma si kazi ngumu kwa watu wa hapa, kwani kimepangwa kama majina yetu yalivyopangwa. Jina la kwanza ni la mtu mwenyewe, la pili la baba yake, la tatu la babu. Ukitaka kujua mtu ametoka nyumba gani hutazami jina la mwanzo, kwa sababu mzazi anaweza kumwita mwanawe jina lolote alipendalo. Unatazama la mwisho.

Chukua anwani kama hii niliyoitunga: dukafulani.co.tz.zawadi-idi.top/simu. Jicho hukimbilia mwanzo, likaona jina la duka linalojulikana pamoja na herufi za nchi yetu, na moyo ukatulia. Usianzie hapo. Tafuta mkwaju (alama hii: /) wa kwanza unaofuata jina, ule uliotangulia neno "simu", kisha rudi nyuma hatua kwa hatua: unakuta "top", na kabla yake unakuta "zawadi-idi". Hiyo ndiyo nyumba, na mwenyewe ni aliyeisajili zawadi-idi.top, awe nani na awe wapi. Yale maneno ya mbele ni jina ambalo amelipachika mwenyewe bila ya kuomba ruhusa kwa mtu. Duka la kweli lingemalizika na jina lake hasa, kisha .co.tz au .com, kisha ndiyo mkwaju.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakacheza na herufi yenyewe. Mwaka 2018 ulisambazwa ujumbe wa kugawa viatu vya Adidas vya bure, na katika anwani yake herufi i ilikuwa haina nukta juu. Kwenye kioo kidogo cha simu, usiku, hakuna jicho linaloona tofauti ile. Kwa hivyo njia iliyo salama kuliko kusoma kwa makini ni kutokipitia kabisa kiungo ulicholetewa: funga ujumbe, fungua kivinjari, andika mwenyewe anwani ya duka unayoijua au fungua programu yake uliyokwisha kuipakua, kisha tafuta huko kama zawadi hiyo inatangazwa. Kampuni inayogawa simu na friji haifanyi siri. Hutangaza mlangoni kwake. Kiungo kilichofupishwa, ambacho hakionyeshi jina lolote la maana, kihesabu kama mtu aliyejifunika uso.

Kuhusu ile alama ya kufuli inayoonekana karibu na anwani, nimekuta watu wengi wakiitegemea kupita kiasi chake. Kufuli maana yake ni kwamba mazungumzo baina ya simu yako na tovuti ile yamefungwa, asiyasikilize mtu wa kati. Halisemi kwamba huyo unayezungumza naye ni mwaminifu. Vyeti vya kufuli hilo hupatikana bure, na tapeli huvipata sawasawa na mtu mwengine yeyote.

Hatua ya tatu: ukishafungua, yatazame maswali, visanduku na saa

Hatua hii ningependa isimfikie mtu, lakini najua inawafikia wengi, kwa hivyo nitaieleza kwa urefu.

Siku chache kabla ya Idi moja alinijia mezani mama mtu mzima, buibui lake limeshikwa kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nitumie elfu kumi na nane kwenye namba hii, lakini fanya haraka, zimebaki dakika tatu."

Nilimwomba simu niitazame. Kioo kizima kilikuwa picha ya friji ya milango miwili, juu yake maneno ya pongezi, na chini saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma: 02:51, 02:50, 02:49. Akanieleza alivyofika pale. Aliulizwa kama analijua duka lile, akaulizwa umri wake, akaulizwa ni mwanamke au mwanamme, kisha akaulizwa kama angeliwashauri wenzake wanunue hapo. Baadaye vikaja visanduku tisa vyenye utepe, akaambiwa ana nafasi tatu za kuchagua. Cha kwanza kilikuwa kitupu, cha pili kitupu, cha tatu kikafunguka na friji ndani yake, na karatasi za rangi zikamwagika kwenye kioo.

Nilimwambia, "Mama, mtu aliyekusudia kukupa friji hatakunyima kwa kuchelewa dakika tatu. Tukae tuitazame saa hii mpaka ikatike." Hakutaka, lakini akakaa. Saa ikafika 00:00. Friji ilikuwa palepale na pongezi zilikuwa palepale. Nikaufungua upya ukurasa ule, na saa ikaanza tena kwenye 05:00, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Saa hiyo haikufungwa kwenye ghala lolote. Ni maandishi yaliyotiwa ndani ya ukurasa, na kazi yake ni moja tu, kukunyima nafasi ya kumuuliza mtu. Ndiyo maana kila unapoona saa inakimbia mbele yako, jambo la kwanza la kufanya ni kuiacha ikatike. Visanduku navyo ni hivyo hivyo: ungegusa cha juu au cha chini, cha kulia au cha kushoto, majibu yamepangwa kwa zamu na si kwa kisanduku, ya kwanza kukosa na ya mwisho kupata. Na maswali yale hakuna anayeyasoma. Yamewekwa ili uone umefanya kazi, na mtu huona uchungu kukiacha alichokitolea jasho, hata kama jasho lenyewe ni la dakika mbili.

Hapa naona niseme neno kuhusu jambo ambalo limenisikitisha mara nyingi. Wapo watu wacha Mungu, hawajawahi kukaribia bahati nasibu maishani mwao na hawatoikaribia, na bado ukurasa huu umewapata, kwa sababu haujiiti bahati nasibu. Unajiita dodoso, yaani kazi ndogo yenye ujira. Kwa hivyo tukiwaonya wazee wetu tusiwaambie tu "jihadharini na bahati nasibu", maana watatujibu kwa haki kwamba hawachezi. Tuwaambie kwamba hata maswali manne ya maoni ni mlango ule ule.

Chini ya ukurasa mara nyingi huwekwa maoni ya waliokwisha kupokea zawadi, yenye picha za nyuso na majina. Jaribu kuligusa jina mojawapo. Halifunguki, huwezi kumjibu, huwezi kumtazama alivyo, kwani maoni yale ni picha na maandishi yaliyobandikwa. Ukurasa wenye watu wa kweli huacha watu waulizane.

Hatua ya nne: ukiombwa kuwapelekea wengine, hapo simama

Baada ya friji kutokea, yule mama aliambiwa aupeleke ujumbe kwa watu ishirini au makundi kumi na tano, na mstari wa kijani ukawa unajaa kila alipogusa kitufe. Tulipokwisha kuiona saa ikianza upya, alinyamaza kidogo, kisha neno lake la kwanza halikuwa kuhusu friji. Alisema, "Basi na watu wangu wote nimewapelekea."

Sehemu hii ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa, kwa sababu mtu hajaona hasara mfukoni. Tapeli hana namba za jamaa zako, na hata angekuwa nazo hana imani yao. Ujumbe wa mtu asiyejulikana watu huufuta. Ujumbe wa shangazi huufungua, wa mwalimu wa chuoni huufungua mara mbili. Anachokuomba ni hiyo imani, uibebe wewe umpelekee watu mlangoni. Na kila anayefungua ukurasa ule humuingizia fedha kwa njia ya matangazo yaliyowekwa humo, hata kama mgeni huyo hatolipa senti.

Ukihitaji dalili moja tu ya kukata shauri, ishike hii. Duka la kweli linaweza kukuomba maoni, linaweza kukupa hata vocha ya punguzo, lakini haliweki zawadi nyuma ya sharti la kuwasumbua watu ishirini. Isitoshe ukurasa ule kwa kawaida hauwezi kujua kama umetuma. Unachohesabu ni mara ngapi umegusa kitufe. Mstari wa kijani ungejaa hata kama hukumpelekea mtu.

Hatua ya tano: tazama wanachokutaka mwishoni

Wanachotaka hutofautiana. Wengine huomba ada ya kusafirisha, ya usajili, ya bima, au hukwambia mzigo umezuiwa bandarini Malindi na unahitaji kulipiwa ushuru. Malipo ya serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi tunaiita kontroo namba, na hayatumwi kwenye simu ya mtu binafsi. Unapotuma fedha kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome kwa sauti. Ikiwa umeambiwa unalipa kampuni ya usafirishaji na linatokea jina la mtu, ghairi hapo hapo. Jina la biashara likitokea bado haliwi ushahidi wa kutosha, kwa sababu hata lipa namba huweza kuwa ya tapeli.

Wengine huomba namba ya siri ya fedha za simu, wakidai wanataka "kukuwekea" zawadi. Kupokea fedha hakuhitaji namba ya siri. Hata mimi wakala sina haki ya kuijua yako, na ninapoona mteja anaitamka mbele ya watu humwomba aibadilishe siku hiyo hiyo.

Wapo wanaoomba namba sita zilizokuja kwa ujumbe mfupi, wakisema ni namba ya ushindi. Hizo mara nyingi ni namba za kuthibitisha WhatsApp. Ukiwapa wanaihamisha akaunti yako kwenye simu yao, kisha wanaanza kuwaomba fedha jamaa zako kwa jina lako. Nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, ili hata namba sita zikitoka kusiwe na anayeingia bila ya namba yako nyengine ya siri.

Wanaolenga watu wenye kadi za benki huomba kiasi kidogo sana, kama dola moja au mbili za usafirishaji. Udogo huo ndio mtego. Wakishapata namba 16 za mbele, tarehe ya kumalizika kadi na zile tatu za nyuma, huanza makato ya kila mwezi ambayo umeyakubali kwa maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa, au huzitumia namba hizo kununua vitu vyao. Na wapo wasioomba fedha bali wanakutaka upakue programu nje ya duka la programu la simu yako. Usipakue. Programu ya namna hiyo huweza kusoma ujumbe wako mfupi, zikiwemo namba za benki.

Zawadi za wauzaji wa Instagram na wa WhatsApp

Siku hizi sehemu kubwa ya manunuzi yetu ya mtandaoni haipiti kwenye maduka makubwa ya nje. Inapita kwa wauzaji wetu wa Darajani, Mlandege na Chake Chake wanaoonyesha bidhaa Instagram, na wengi wao ni waaminifu. Muuzaji akitangaza kwamba atatoa zawadi kwa mmoja wa watakaoandika maoni, tapeli hufungua akaunti yenye picha zile zile na jina lile lile, tofauti ikiwa ni nukta moja au kistari kimoja kilichoongezwa. Kisha humwandikia kwa siri kila aliyetoa maoni: "Hongera, umeshinda, tuma elfu kumi ya kukusafirishia kwa boti."

Hapa anwani haikusaidii, kwa kuwa wote wako ndani ya Instagram. Kinachosaidia ni kurudi kwenye akaunti unayoifuata wewe tangu zamani na kuuliza hadharani chini ya tangazo lenyewe kama matokeo yameshatoka. Tazama pia akaunti iliyokuandikia ina machapisho mangapi, na katika sehemu ya maelezo ya akaunti tazama ilifunguliwa lini. Duka lenye wateja wa miaka mitatu haliwi na akaunti ya wiki iliyopita. Ikiwa muuzaji yuko mjini, jibu fupi ni hili: "Ahsante, nitakuja kuichukua mwenyewe dukani." Tapeli hana duka la kukukaribisha.

Zawadi za kweli zipo

Sitaki mtu atoke hapa akidhani kila promosheni ni wizi. Kampuni za simu na maduka hutoa zawadi kweli, na ya kweli ina mambo yanayoonekana: unakumbuka ulivyoshiriki, masharti na tarehe zimeandikwa mahali pa wazi, na hakuna malipo ya kuipokea. Anayekupigia akidai anatoka kampuni yako ya simu kwa namba ya kawaida, kata simu kisha piga mwenyewe 100, ambayo ndiyo namba ya huduma kwa wateja ya mitandao ya hapa nchini, uulize.

Ikiwa yameshatokea

Usione haya, na usisubiri mpaka jioni ili umweleze mumeo au mwanao kwanza. Kinachotangulia ni fedha. Ikiwa umetuma kwa simu, piga 100 wakati huo huo, eleza kwamba umetapeliwa, na uwe na kumbukumbu namba ya muamala mbele yako. Ikiwa aliyepokea hajaitoa, kuna nafasi ya kuizuia, na nafasi hiyo hupungua kila dakika. Ikiwa ni kadi, pigia benki waifunge. Ikiwa ni namba ya siri, ibadilishe. Ukianza kuona salio linakatwa kwa huduma usizozijua, hiyo hiyo 100 ndiyo ya kuomba uondolewe kwenye huduma hizo.

Baada ya fedha, shughulikia simu. Ifute programu uliyoipakua, na ukiwa unaletewa matangazo yanayoibuka kila mara, ingia kwenye mipangilio ya kivinjari uiondolee tovuti ile ruhusa ya kukutumia arifa. Ikiwa ulijaza namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, piga *106# utazame kama kuna laini iliyosajiliwa kwa jina lako usiyoijua.

Usifute ushahidi. Piga picha ya kioo yenye ujumbe, anwani na namba ya simu, kisha iripoti namba ya tapeli kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeitenga kwa kazi hiyo. Fedha ikiwa imeshakutoka, nenda kituo cha polisi na picha hizo, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Zanzibar kama inavyotumika Bara, na udanganyifu wa namna hii ni kosa ndani yake. Ikiwa mgogoro wako ni na muuzaji anayejulikana, aliyeahidi zawadi katika tangazo akakataa kuitoa, mlango wake ni mwengine: Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ya Zanzibar, inayosimamia sheria ya mwaka 2018 ya kumlinda mtumiaji.

Katika siku zinazofuata anaweza kukupigia mtu mwenye sauti ya upole akisema anaweza kukurejeshea fedha yako kwa malipo madogo. Huyo ni yule yule au mwenzake. Orodha za waliotapeliwa huuzwa baina yao.

La mwisho ni wale uliowapelekea. WhatsApp hukuruhusu kuufuta ujumbe kwa watu wote ndani ya siku mbili na saa kumi na mbili tangu ulipoutuma. Ufute kila ulikoupeleka. Kisha andika maneno machache, kwa sababu kuna walioufungua kabla hujaufuta. Yule mama nilimsaidia kuandika haya:

"Assalaam alaykum. Ujumbe wa zawadi ya friji nilioutuma leo si wa kweli, ni wa matapeli. Asiufungue mtu. Aliyekwisha kujaza namba ya kadi, kutoa namba ya siri au kutuma fedha anipigie sasa hivi nimwelekeze la kufanya. Naomba radhi kwenu nyote."

Aliyatuma akiwa amekaa kwenye kiti changu, kundi baada ya kundi, akihesabu kwa vidole. Hajafika la kumi simu yake ikaita. Alikuwa wifi yake wa Wete, amesimama mbele ya wakala wa huko, na elfu kumi na nane zake bado zimo mkononi.